Mgeni Akiumia Nyumbani Kwako, Dhamana ni ya Nani?

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Muislamu, nyumba zetu ni nyumba za watu kuingia na kutoka. Leo ni hitima, kesho ni akika, wiki ijayo ni posa au maulidi. Jirani anakuja kuazima kinu, mtoto wake anamfuata nyuma. Fundi anaitwa kutengeneza paa. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa hakika mgeni ni baraka.

Lakini hutokea siku mgeni akaumia. Mtoto anatumbukia katika shimo la maji taka lililofunikwa kwa bati lililooza. Shangazi anaanguka kwenye ngazi isiyo na pa kushika, na taa ilikwishaungua tangu mwezi uliopita. Fundi anarushwa na umeme kwa sababu ya waya uliochubuka ambao mwenye nyumba aliujua siku zote. Watu wanakusanyika, wanampeleka majeruhi hospitali, kisha yanaanza maneno: ajali haina kinga, ndivyo alivyoandikiwa, tumshukuru Mungu kwa kila hali. Wiki mbili baadaye aliyeumia amebaki peke yake na gharama za matibabu. Mwenye nyumba anaona haya kwenda kumtazama, na udugu wa miaka ishirini unakatika kimyakimya bila ya mtu kutamka neno.

Swali tunalopaswa kulijibu leo ni hili: Je, kuamini kadari kunamwondolea mwenye nyumba dhamana? Na kama hakumwondolei, dhamana hiyo inaanzia wapi na inaishia wapi?

Kadari haifuti haki za waja

Jibu la swali la kwanza limo ndani ya Qur'ani yenyewe. Katika aya ya 92 ya Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu (SW) ametaja hukumu ya Muumini aliyemuua Muumini mwenzake kwa makosa, bila ya kukusudia. Hakuna shaka kwamba aliyekufa alikufa kwa ajali yake iliyoandikwa. Hata hivyo, aya imewajibisha mambo mawili: kafara, ambayo ni haki ya Mwenyezi Mungu, na diya, ambayo ni haki ya jamaa wa marehemu. Lau kadari ingekuwa inafuta dhamana, aya hii isingekuwa na maana.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: dhambi na dhamana. Dhambi inafungamana na nia. Dhamana ni kufidia hasara iliyompata mwenzako, na huweza kumlazimu mtu asiye na dhambi yoyote. Ndiyo maana mtoto mdogo akivunja chombo cha mtu, hana dhambi, lakini thamani ya chombo hicho hulipwa kutoka katika mali yake. Kwa hiyo mwenye nyumba anapoambiwa kwamba anapaswa kugharimia matibabu, asidhani kwamba anaitwa mwovu.

Kadari ni itikadi ya kumtuliza aliyepatwa na msiba. Haikuwekwa ili aliyesababisha msiba ajifiche nyuma yake.

Kisima cha ukumbini

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili bila ya ufafanuzi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika kitabu chake Minhajut-Talibin, ambacho ni miongoni mwa vitabu vikubwa vya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa sana katika mwambao wetu, ameizungumzia mas'ala inayolingana kabisa na hali zetu.

Ameanza kwa kueleza kwamba mwenye kuchimba kisima kwa uadui, yaani mahali asipokuwa na haki ya kuchimba, hudhamini kitakachoharibika kwa sababu yake. Ama aliyechimba katika milki yake mwenyewe, asili ni kwamba hadhamini. Hili linaafikiana na hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (RA) katika Bukhari na Muslim, kwamba jeraha la mnyama, kisima na machimbo havina fidia. Wanazuoni wameeleza kwamba makusudio yake ni pale ambapo mwenye mali hakufanya uzembe wala kuvuka mpaka.

Kisha akaleta mas'ala ya pili. Mtu amechimba kisima katika ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake, akamwalika mtu, na yule mwalikwa akatumbukia. Hukumu yake ni nini? Ndani ya madhehebu kuna kauli mbili. Moja inasema hapana dhamana, kwa sababu mgeni aliingia kwa hiari yake. Lakini kauli aliyoipa nguvu Imamu Nawawi ni kwamba mwenye nyumba anadhamini.

Kwa nini, ilhali kisima kiko katika milki yake? Washereheshaji wamebainisha sababu: mwenyeji amemghuri mgeni wake. Kumwita mtu nyumbani ni kama kumwambia kwamba njia ni salama. Mgeni hakuchagua kutumbukia kisimani. Alichagua kuitikia mwaliko. Na wakaweka masharti: kisima kiwe kimefunikwa au mahali pawe na giza, au mgeni awe kipofu, na mwenyeji awe hakumtahadharisha. Ikiwa kisima kiko wazi na mgeni anakiona, au ameonywa kisha akapita papo hapo, dhamana inaondoka.

Ndugu msomaji, itazame mizani hii ilivyo ya uadilifu. Hakuambiwa mwenye nyumba kwamba kila anayejikwaa sebuleni kwake anamdai. Wala mgeni hakuambiwa kwamba shauri lake mwenyewe. Dhamana imefungwa kwenye mambo matatu: hatari iwe ya siri kwa mgeni, mwenyeji awe anaijua, na awe amenyamaza. Ukitoa kisima ukaweka bati la shimo la choo, ngazi iliyolegea, sakafu iliyopigwa sabuni au soketi inayotoa cheche, hukumu haibadiliki.

Na uzito wake si mdogo. Kwa madhehebu ya Shafi, mwenye kusababisha kifo kwa namna inayomdhaminisha hulazimiwa pia na kafara, kama aliyeua kwa mkono wake kwa makosa. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, na leo hayupo, hufunga miezi miwili mfululizo. Mtu na apime: kifuniko cha zege cha shimo, au saumu ya siku sitini na machozi ya mzazi mwenzake?

Aliyetenda na aliyesababisha

Kuna kanuni nyingine inayotusaidia. Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876 kwa kufuata madhehebu ya Hanafi, umetofautisha baina ya mtendaji wa moja kwa moja na msababishaji. Mtendaji hudhamini hata kama hakukusudia. Msababishaji hadhamini mpaka ionekane amevuka mpaka.

Kwa mfano, mwenyeji amebeba birika la chai ya moto, akajikwaa na kummwagia mgeni mguuni. Huyu ni mtendaji. Hawezi kusema sikukusudia, kwa maana kutokukusudia kunamwondolea dhambi tu. Lakini ikiwa birika lilikuwa juu ya meza mahali pake pa kawaida, na mgeni mzima mwenye akili akalipiga kumbo kwa kutotazama, mwenyeji hana alilolivuka.

Majalla umetaja pia ukuta. Ukuta ulioanguka ghafla na kumuumiza mtu haumdhaminishi mwenyewe. Lakini ukiwa ulikuwa umeinama, akaja mwenye haki ya kumwonya akamwambia auvunje, ukapita muda wa kutosha wa kuuvunja naye akapuuza, hapo anadhamini. Ni wangapi kati yetu wameambiwa na majirani, huu ukuta wako una ufa, wakajibu tutautazama baada ya Ramadhani? Onyo hilo limekwishakuwa hoja dhidi yao.

Mgeni naye ana wajibu wake

Uislamu haukumbebesha mwenyeji peke yake. Katika aya ya 27 ya Suratun-Nur, waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimia wenyewe. Adabu hii ina matunda ya kisheria. Ibn Qudama, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria (1223 Miladia), ameeleza kwamba mwenye mbwa mkali hudhamini ikiwa mbwa huyo atamng'ata mtu aliyeingia kwa idhini yake. Ama aliyeingia bila ya ruhusa, amejitia mwenyewe katika madhara.

Abu Dawud amepokea hadithi inayomwonya mtu kulala juu ya paa lisilo na kizuizi. Mwenye kufanya hivyo, himaya imemtoka, yaani akianguka asimlaumu mwingine. Mgeni anayeambiwa usipite huku naye akapita, anayecheza na mtungi wa gesi, au anayewaacha watoto wake watambae nyumba nzima huku yeye amezama katika mazungumzo, ana fungu lake katika lawama.

Lakini tahadhari hapa. Onyo humfaa anayefahamu. Mtoto wa miaka mitatu haonywi kwa maneno, naye hajui tofauti ya kisima na beseni la kuogea. Kwa mtoto kama huyo, onyo ni kifuniko, kufuli na ukingo. Mwenye kusema nilimwambia asiende kule, akimsema mtoto asiyepambanua, hajasema kitu.

Sheria za nchi zinasemaje

Muislamu anaishi ndani ya nchi yenye sheria, na ni vyema azijue. Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 imeziwekea mahakama za kadhi mipaka ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Zanzibar nako kadhi hushughulikia mambo ya aina hiyo, na Tanzania Bara kadhi hana mamlaka ya kimahakama ya dola. Kwa hiyo madai ya kuumia katika nyumba ya mtu, yakifika mahakamani, hufika katika mahakama za kawaida. Fiqhi inabaki kuwa mwongozo wa dhamiri zetu na wa suluhu zetu.

Kenya ina sheria mahsusi juu ya dhima ya mwenye kukalia jengo, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Sheria hiyo inamtaka mkaazi achukue hadhari ya kiasi cha haki ili mgeni awe salama katika lile alilokaribishwa kwalo. Inamtaka atazamie kwamba watoto hawana hadhari kama ya watu wazima. Na onyo peke yake halitoshi mpaka liwe linamwezesha mgeni kujiepusha na hatari. Tanzania Bara haina sheria mahsusi ya namna hiyo, bali mahakama zake hufuata kanuni za uzembe zilizorithiwa kutoka Uingereza. Katika nchi zote mbili, fidia huweza kupunguzwa kwa kadiri ya uzembe wa aliyeumia mwenyewe, na muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3.

Wapangaji huuliza: Je, ni mimi au ni mwenye nyumba? Mwaka 1966, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo iliamua kesi ya mgeni aliyefariki baada ya kuanguka usiku kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba ya wageni. Mkono wa ngazi uliishia kabla ya chini, na balbu haikuwapo. Mahakama ilisema kwamba kinachotazamwa ni nani ana mamlaka juu ya mahali hapo, na kwamba watu wawili, kampuni inayomiliki na meneja anayeishi humo, huweza kuwa na wajibu kwa pamoja. Hata hivyo madai yalishindwa, kwa kuwa haikuthibiti kwamba yeyote kati yao alifanya uzembe. Funzo lake ni kwamba mpangaji ana wajibu juu ya yale anayoyatawala, kama sakafu na mpangilio wa vyombo, na mwenye nyumba juu ya yale aliyobakiza mikononi mwake, kama ngazi ya pamoja na shimo la uani. Na kuumia peke yake hakuthibitishi uzembe.

Utaona jinsi yaliyoandikwa Damascus katika karne ya saba ya Hijria na yaliyotungwa na mabunge ya zama zetu yanavyokaribiana. Uadilifu una sura moja.

Msamaha ni wa nani?

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Ajali inapotokea, wazee huja haraka kumwambia aliyeumia: samehe, ninyi ni ndugu, usimdai mwenzako. Nia yao ni njema. Lakini aya ile ile ya Suratun-Nisaa imesema diya itolewe isipokuwa jamaa wa marehemu wenyewe waifanye sadaka. Msamaha umewekwa mkononi mwa mwenye haki. Sadaka inayotolewa kwa kusukumwa na macho ya watu si sadaka, ni mali iliyochukuliwa kwa haya.

Utaratibu sahihi ni mwenyeji kutangulia na dhamana yake. Aende hospitali, akiri wajibu wake, na atoe anachokiweza. Baada ya hapo, aliyeumia akisamehe, amesamehe huku mkono wake ukiwa juu, na ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu.

Tumtazame Mtume (SAW). Katika Bukhari, Anas (RA) amepokea kwamba Mtume (SAW) alikuwa nyumbani kwa mmoja wa wake zake, mke mwingine akapeleka chakula katika sahani, na yule mwenye nyumba kwa wivu akaupiga mkono wa mtumishi, sahani ikavunjika. Mtume (SAW) alivikusanya mwenyewe vipande vya sahani na chakula, akawaambia waliokuwapo kwamba ni wivu tu uliomshika mama yao. Hakumkemea. Lakini hakuishia hapo. Alichukua sahani nzima kutoka katika nyumba hiyo akampelekea yule ambaye sahani yake imevunjwa. Moyo umestiriwa, na haki imelipwa. Ikiwa sahani haikuachwa iende hivi hivi, itakuwaje mguu wa mtu?

Na kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto akiumia, fidia yake ni mali ya mtoto, si ya baba yake. Walii hana ruhusa ya kutoa bure mali ya mtoto aliye chini ya ulezi wake. Baba anayesema mbele ya watu, tumesamehe, yaishe, huku mwanawe amepoteza jicho, ametoa kisichokuwa chake. Anaweza kusamehe usumbufu uliompata yeye. Haki ya mtoto aihifadhi, na akiwa yatima, jambo ni zito zaidi.

Tufanye nini?

Kwanza, kila mwenye nyumba aizunguke nyumba yake kwa jicho la mgeni, na hasa kwa jicho la mtoto. Shimo lifunikwe kwa kifuniko cha zege, kisima kiwe na ukingo na kufuli, ngazi iwe na mkono na taa, waya uliochubuka ubadilishwe na fundi anayejua kazi yake. Mtume (SAW) amefundisha kuzima moto na taa kabla ya kulala, na kuondoa udhia njiani akakuhesabu kuwa ni sehemu ya imani. Aondoaye msumari barabarani akaliacha shimo uani kwake amefahamu nusu ya mafundisho.

Pili, ambacho hakijatengenezwa kisemwe. Si aibu kumwambia mgeni, ngazi hii mbovu, pita upande huu. Aibu ni kunyamaza.

Tatu, sisi walimu wa madrasa tujitazame. Vyuo vingi viko katika nyumba za walimu, na watoto wengi huletwa kila alasiri. Mzazi anapomwacha mwanawe mlangoni, amemkabidhi amana. Kisima cha mwalimu hakina hukumu tofauti na kisima cha mtu mwingine.

Nne, ajali ikitokea, wahusika wakae mapema na watu wawili watatu waadilifu, wakubaliane gharama za matibabu na siku zisizo na kazi, na waandike. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara imeamrisha kuandikiana madeni ya muda, na deni la fidia ni deni. Maandishi hayavunji udugu. Kinachouvunja ni ahadi ya mdomo ambayo kila mmoja anaikumbuka kwa namna yake.

Mwenye nyumba asiye na uwezo hajafungiwa mlango. Alipe kidogo kidogo, jamaa zake wamsaidie, kwani asili ya diya ya makosa katika fiqhi ni jamaa kubebeana. Na aliyeumia asidai zaidi ya haki yake, kwa maana Mtume (SAW) ameharamisha kudhuru na kulipiza madhara kwa madhara.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) azijaalie nyumba zetu ziwe nyumba za amani kwa wanaoziingia, azilinde roho za watoto wetu, na atupe ujasiri wa kulipa haki kabla ya kudaiwa. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.